Sura ya Sita: Uchochoro Huzaliwa Siku ya Mauziano

Mwizi wa usiku huhitaji mambo matatu kabla hata ya kushika nyundo: njia ya kuifikia nyumba, mahali pa kujibanza akisikilizia, na njia ya kuondokea. Pembezoni mwa miji yetu huyakuta yote matatu yameshaandaliwa. Hakuyaandaa yeye wala wenzake. Yaliandaliwa na watu waungwana, mchana kweupe, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi: muuzaji wa shamba, mnunuzi wa kiwanja, na fundi aliyekuja baadaye kupandisha ukuta.

Sura zilizotangulia zilihusu polisi, mahakama na vijana wasio na kazi. Hii inahusu mipaka. Hoja yake ni kwamba sehemu kubwa ya usalama wa mtaa huamuliwa siku ardhi inapogawanywa, miaka mingi kabla ya wizi wa kwanza. Siku hiyo ikipita vibaya, fedha nyingi za walinzi na nondo hutumika kurekebisha kilichoharibiwa kwa dakika chache za kupima kwa hatua.

Jiji linapofurika

Olmotonyi ipo kwenye mteremko wa Mlima Meru, kaskazini-magharibi ya Arusha, juu ya mji mdogo wa Ngaramtoni na barabara kuu iendayo Namanga. Wengi nchini wanaijua kwa Chuo cha Misitu kilichoanzishwa enzi za ukoloni, na kwa msitu wa mafunzo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kiutawala ipo katika Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, ambayo imelizunguka jiji pande zote. Jiji likijaa, linamwagikia huko.

Na limejaa. Sensa ya 2012 ililikuta Jiji la Arusha likiwa na watu 416,442. Ile ya 2022 ikahesabu 617,631. Katika miaka hiyohiyo kumi, halmashauri inayolizunguka ilitoka watu 323,198 hadi 449,518. Wengi wa hawa waliongezeka juu ya ardhi ambayo tayari ilikuwa na wenyewe. Mtaalamu wa jamii P. H. Gulliver, aliyeishi miongoni mwa Waarusha mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1963, alikuta tayari watu wa mteremko huu wanabanana kwa uhaba wa mashamba. Hawakuwa na vijiji vya nyumba zilizosongamana. Kila boma lilikaa ndani ya shamba lake, na kati ya shamba na shamba kulipita njia ya watu na ng'ombe.

Njia hiyo ilikuwa nyembamba, ina giza usiku, na pembeni yake kuna migomba na masale ya mpakani. Kwa vigezo vya leo ingeitwa hatari. Lakini kila aliyepita alijulikana ni mtoto wa boma gani na wa rika lipi, na mbwa wa kila boma walimjua pia. Ulinzi haukuwa katika umbo la njia bali katika watu walioizoea. Shida ilianza pale umbo lilipobaki lilelile, watu wakabadilika.

Hatua ishirini kwa ishirini

Tuseme mzee mmoja ana eka moja na nusu aliyoachiwa na baba yake. Wanawe watatu wameoa, kahawa haina bei, mjukuu anatakiwa kulipiwa ada. Anaamua kukata kipande. Mnunuzi ni mtumishi anayefanya kazi mjini, amechoka kupanga nyumba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana wangu. Ndiyo hapa. Ishirini kwa ishirini, kuanzia kwenye isale mpaka pale kwenye mgrivea."

"Na njia, mzee?"

"Njia ipo! Unapita hapo kwa ndugu yangu, hakuna atakayekuzuia."

Njia ipo kweli. Ina upana wa kupita mtu na mbuzi wake. Mwenyekiti anaandika karatasi ya mauziano, majirani wa mipakani wanatia sahihi, fedha zinahesabiwa. Katika karatasi hiyo kiwanja kina vipimo, njia haina. Inatajwa kwa maneno mawili au haitajwi kabisa, kwa sababu haiuzwi, na kisichouzwa hakuna wa kukipigania.

Mwaka unaofuata ndugu yake mzee naye anauza. Mnunuzi wa pili anajenga ukuta wa tofali wa kumpita mtu kimo, juu amepanga vipande vya chupa. Mnunuzi wa kwanza akiona hivyo, anajenga wake. Wa tatu bado anatafuta fedha: ameishia kwenye lenta, hakuna paa wala milango, majani yameota ndani. Ile njia ya mbuzi sasa ni mfereji kati ya kuta mbili ndefu, ina kona moja isiyoonyesha kilicho mbele, na mwisho wake kuna pagala. Kila mtu amejenga ndani ya haki yake. Kwa pamoja wamejenga uchochoro.

Gari la polisi haliingii humo. La zimamoto haliingii. Anayerudi na daladala ya mwisho kutoka mjini hana pa kupita pengine, na ndani ya zile kuta hakuna dirisha hata moja linalomwona.

Hoja zilikotoka

Wazo kwamba mahali panaweza kualika au kufukuza uhalifu si geni, lakini lilipata jina rasmi mwaka 1971, pale mtaalamu wa uhalifu wa Marekani, C. Ray Jeffery, alipoandika kitabu juu ya kuzuia uhalifu kwa usanifu wa mazingira. Miaka 10 kabla yake, mwaka 1961, Jane Jacobs wa New York alikuwa ameeleza kwa nini barabara yenye maduka, vibaraza na watu wanaoingia na kutoka huwa salama kuliko barabara safi isiyo na mtu: kuna macho mengi yanayoiangalia bila kulipwa.

Mwaka 1972 msanifu majengo Oscar Newman aliongeza ushahidi. Mjini St. Louis serikali ilikuwa imejenga mtaa wa nyumba za umma ulioitwa Pruitt-Igoe, majengo 33 ya ghorofa 11. Ulipangwa na wasanifu wenye sifa, ukasifiwa, kisha ukageuka mahali pa kutisha hadi serikali ikaanza kuubomoa mwaka huohuo wa 1972. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mtaa wa nyumba fupi, Carr Square Village, wenye wapangaji wa hali ileile ya maisha, nao haukuwa na matatizo ya kiasi hicho. Newman alieleza tofauti kwa jambo moja: katika yale maghorofa, korido, ngazi na viwanja vya chini vilikuwa vya wote, kwa hiyo havikuwa vya mtu. Familia mbili zinazotumia kibaraza kimoja hukifagia na kujua nani mgeni. Familia 20 zinazotumia lango moja hazijui.

Kisha mwaka 1979 Lawrence Cohen na Marcus Felson walijiuliza swali gumu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Marekani ilitajirika, lakini wizi ukapanda badala ya kushuka. Kwa nini? Jibu lao lilikuwa kwamba uhalifu hutokea pale vitu vitatu vinapokutana mahali pamoja na wakati mmoja: mtu mwenye nia, kitu cha kutamanika, na kukosekana kwa mlinzi. Watu walikuwa wameacha nyumba tupu mchana kwenda kazini, na vitu vya thamani vilikuwa vimekuwa vyepesi kubebeka.

Hayo yameandikwa kuhusu Marekani, lakini yasome ukiwa Olmotonyi. Zamani boma halikubaki tupu. Bibi alikuwepo, watoto walikuwepo, ng'ombe walihitaji mtu. Mgeni aliyehamia kutoka mjini anafunga geti alfajiri na kurudi giza likiwa limeingia. Ndani ameacha televisheni bapa, kompyuta mpakato na mtungi wa gesi, vitu ambavyo mtu mmoja anavibeba kwenye pikipiki. Nia ya mwizi inawezekana haijabadilika tangu enzi za mababu. Vile vingine viwili vimebadilika.

Ukuta unamlinda nani?

Mtu aliyeibiwa mara moja hujenga ukuta. Ni jibu la haraka na halishangazi. Ukuta hupunguza udokozi wa ghafla: kuku, nguo za kwenye kamba, ndoo. Lakini dhidi ya mwizi aliyekuja amejipanga, ukuta mrefu usioonyesha ndani una tabia mbaya. Kabla hajauruka, anakulinda wewe. Akishauruka, unamlinda yeye. Atakata nondo za dirisha kwa utulivu, kwa kuwa jirani hamwoni na mpita njia hamwoni.

Madhara mengine yanabaki nje. Kila ukuta mpya unaondoa macho mawili njiani. Mwenye nyumba amejinunulia usalama kidogo ndani kwa kuuza usalama wa jirani anayepita nje, akiwemo binti yake mwenyewe anayetumwa dukani saa moja jioni.

Zipo njia nyingine. Tofali kozi nne au tano chini, juu seng'enge au vyuma vyenye nafasi, humzuia mtu bila kuzuia jicho. Geti la vyuma lenye matundu linafanya kazi hiyohiyo. Mahali ambapo fedha haitoshi, ua wa michongoma uliokatwa kufika kifuani ni mgumu kuupenya kuliko ukuta, kwa kuwa una miiba pande zote, na bado unamwona aliye nyuma yake. Cha msingi ni kwamba uzio uzuie mwili na uachie macho.

Somo la wapogoaji

Hapa Olmotonyi ina la kufundisha, kwa sababu inajua miti. Anayesomea misitu huambiwa mapema kwamba matawi ya chini ya msonobari lazima yapogolewe ili mbao isiwe na vifundo. Anafundishwa pia kwamba msitu hauachwi uwe pori moja: hukatwa vitalu, huwekwa barabara kati yake na njia za kuzuia moto, na mpaka husafishwa uonekane. Shamba lenye mpaka unaosomeka ni rahisi kulidoria. Mti ulioibwa kwenye kitalu chenye barabara hugundulika mapema. Wapanga miji walihitaji miaka mingi kuyafikia maarifa hayo kwa mlango mwingine.

Kwa muda mrefu ushauri wa polisi katika nchi nyingi ulikuwa rahisi: fyeka. Kichaka huficha mtu, kwa hiyo ondoa kila jani. Utafiti umesahihisha hilo. Mwaka 2001 Frances Kuo na William Sullivan walichapisha matokeo yao kutoka majengo 98 ya mtaa wa nyumba za umma wa Ida B. Wells, Chicago: majengo yaliyozungukwa na miti na nyasi yaliripotiwa uhalifu mdogo kuliko yaliyokuwa kwenye udongo mtupu. Kivuli kiliwatoa watu ndani, wakakaa nje, na waliokaa nje waliona. Mwaka 2012 Geoffrey Donovan na Jeffrey Prestemon walichapisha uchunguzi wa nyumba 2,813 za mji wa Portland, Oregon, wakapata kilicho wazi zaidi: miti mikubwa iliyo kando ya barabara iliendana na uhalifu mdogo, wakati miti midogo ndani ya viwanja, ile inayoziba dirisha, iliendana na uhalifu mwingi.

Si suala la kuwa na miti au kutokuwa nayo, basi. Suala ni urefu. Kati ya goti na kichwa cha mtu pawe wazi. Chini ya goti na juu ya kichwa pawe na majani unavyotaka. Mgrivea uliopogolewa hadi mkono usipofika, unaotoa kivuli kwenye kona ambapo mama anauza maharage na mboga, ni rafiki wa usalama. Lantana iliyoachwa ijisokote kwenye kona hiyohiyo ni adui. Wilaya yenye chuo cha misitu haina sababu ya kukosa watu wa kuonyesha tofauti hiyo kwa vitendo, kona kwa kona.

Taa bila watu

Swali la kwanza la kila mkutano wa kijiji kuhusu usalama huwa taa, na si swali baya. Mwaka 2016 Jiji la New York lilifanya jaribio lililopangwa kama majaribio ya dawa: mitaa ya nyumba za umma ilichaguliwa kwa bahati nasibu, mingine ikapata minara ya taa, mingine isipate. Uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ulipungua kwa takriban asilimia 36 penye taa.

Lakini taa hufanya kazi kwa kumwezesha mtu kuona, na lazima mtu huyo awepo. Taa ya sola inayomulika uchochoro wenye kuta pande zote mbili humwonyesha mwizi pa kukanyaga. Taa hiyohiyo ikiwekwa kwenye njia panda yenye genge, kijiwe cha bodaboda na duka la M-Pesa, inawaongezea wale waliokuwepo tayari saa mbili za kuona. Kwa bajeti inayotosha nguzo chache tu, fuata watu kwanza. Na kabla ya nguzo kuna jambo la bei nafuu: kila nyumba inayopakana na njia iwe na balbu moja inayotazama nje. Inakula umeme kidogo sana wa LUKU, na kwa kuwa ni ya mwenye nyumba, ikiungua kuna wa kuibadilisha. Taa ya umma iliyokufa betri husubiri bajeti.

Wanaoangalia

Tanzania haikosi historia ya kulindana. Sungusungu ilianza Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wafugaji walipochoka kuibiwa ng'ombe, na baadaye sheria ikaitambua. Kabla yake kulikuwa na balozi wa nyumba kumi, na baada yake ukaja ulinzi shirikishi chini ya sera ya polisi jamii. Kinachokosekana mara nyingi ni kuunganisha watu hao na ramani. Wanajua nani anazunguka usiku. Hawaulizwi njia gani ifunguliwe.

Dar es Salaam ilijaribu kuuliza. Mwaka 1997 jiji hilo liliingia katika mpango wa Miji Salama wa shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, likiwa kati ya majiji ya kwanza Afrika. Chini ya uratibu wa Anna Mtani, wanawake wa Manzese walifanya matembezi ya usalama, mbinu iliyobuniwa Toronto mwaka 1989. Utaratibu wake hauhitaji mtaalamu. Kundi la wanawake linatembea mtaani kwao likiwa na karatasi, na kila hatua kadhaa linasimama na kuuliza: hapa naonwa na nani? Nikipiga kelele nani atasikia? Nikikimbia natokea wapi? Pale ni pagala la nani? Wanaume wa kamati ya ulinzi huwa wanajua wezi walipokamatwa. Wanawake wanajua mahali wanapoharakisha mwendo, na mahali hapo huonekana kwenye karatasi kabla hapajatokea jambo.

Mji unaweza pia kuyaondoa macho yake kwa nia njema. Mwaka 2021 wamachinga walipopangwa upya nchi nzima, barabara nyingi zilipata nafasi na usafi. Baadhi ya maeneo yalipoteza pia watu waliokuwa wa mwisho kufunga usiku, waliojua kila uso. Anayehamisha genge ana haki ya kuulizwa nani ataiangalia ile kona baada ya saa tatu.

Macho nayo yana upande mbaya. Jamii inayojisifu kwa kumjua kila mpitaji hufika haraka kumhukumu asiyemjua, na magazeti yetu yana maneno yake ya siku zote kwa kinachofuata: wananchi wenye hasira kali. Njia nzuri inatakiwa iwe wazi kwa mgeni sawasawa na kwa mwenyeji. Ndiyo faida nyingine ya vibao vya barabara na namba za nyumba vilivyowekwa katika operesheni ya anwani za makazi ya 2022. Mgeni anafika bila kuzungukazunguka hadi akashukiwa, na anayepiga 112 anataja mahali badala ya kueleza mti na rangi ya geti.

Kurudisha njia kwenye karatasi

Usanifu wa mazingira haumpi kijana kazi, wala haumtoi mlevi kwenye pombe. Mwizi aliyeshindwa hapa anaweza kujaribu kwa jirani, hasa pale ambapo wenye uwezo tu ndio waliojikinga. Ndiyo maana kazi hii haifanyiki nyumba kwa nyumba, hufanyika njia kwa njia.

Penye uchochoro tayari, dawa ipo na ni chungu. Katika urasimishaji wa makazi wenye viwanja hukubaliana kila mmoja amege kipande ili barabara ipite, na wengine hulazimika kuvunja ukuta waliokopa kuujenga. Hanna Nassif, Kinondoni, wakazi walishirikishwa tangu miaka ya 1990 kujenga wenyewe njia na mifereji ya mtaa wao. Inawezekana, ila kila mita iliyogawiwa bure siku ya kwanza hununuliwa tena kwa magomvi.

Penye mashamba bado, kama sehemu kubwa ya mteremko juu ya Ngaramtoni, dawa ni rahisi kiasi cha kushangaza. Mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji huiona karibu kila karatasi ya mauziano kabla haijakunjwa. Mkutano mkuu wa kijiji unaweza kukubaliana kwamba karatasi isiyotaja upana wa njia haigongwi muhuri. Kwamba upana huo utoshe gari la wagonjwa. Kwamba kona ikatwe mshazari ili anayekuja aonekane. Kwamba uzio unaopakana na njia uwe wa kuona upande wa pili. Muuzaji atalalamika kwamba anapoteza hatua tatu. Aonyeshwe bei ya kiwanja kinachofikika kwa gari na bei ya kile kilichoko mwisho wa mfereji wa kuta mbili. Hesabu hiyo ataifanya mwenyewe, na atazitoa hatua zake tatu kabla wino haujakauka.